Mume anataka mitaa ya kale, mke anataka bahari: mkitokea Moshi mwende wapi?

Swali: "Shikamoo kaka. Mi na mume wangu mwezi wa sita tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tumejibana tumepata siku tisa. Mume wangu anafundisha historia sekondari, akifika mahali lazima ajue wageni walifikia wapi, nani alijenga nini, atazunguka mitaa mpaka miguu iume. Mi nimechoka, nataka kisiwa, mchanga, jua, na nisiamshwe na mtu. Kila mtu anatuambia nendeni Nungwi basi. Rafiki yangu wa kazini anasema tukope twende Mauritius. Pemba naambiwa hakuna kitu. Hela yetu ni ya kawaida tu na tutatoka hapa Majengo kwa basi. Tufanyeje tusije tukagombana?"

Marahaba dada yangu, hongera zako na za shemeji, miaka kumi sio mchezo. Mi niko Arusha na kazi yangu ndo hii, kuwapangia safari watu wa huku kwetu kaskazini wanaoshuka pwani, sio wazungu wa Serengeti, na huo mvutano wenu naukuta ofisini kila likizo ya shule. Watu wakishindwana wanagawana siku, nne zako nne zangu, matokeo yake kila mmoja ananuna kwenye siku ambazo sio zake.

Msigawane. Hao wageni anaowatafuta shemeji waliletwa na hiyo hiyo bahari unayoitaka wewe. Zamani kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ikianza kuvuma mwisho wa mwaka majahazi yalishuka kutoka Oman, Hadhramaut ya Yemen na Gujarat ya India, yakasubiri miezi kadhaa upepo ugeuke, kusi, ule wa kutoka kusini, ikiingia yakarudi, na katika kusubiri huko wengine wakaoa, wakafungua duka, wakajenga, hawakurudi tena. Kwa hiyo mtaa wa kale na ufukwe kwetu ni safari moja. Jibu langu ni Unguja, ila sio ile Unguja ya kushuka botini na kupitiliza Nungwi. Pandeni basi la usiku, mlale siku tatu ndani kabisa ya Mji Mkongwe, siku tatu Jambiani, na usiku wa mwisho Dar, mtaa wa Kisutu wa Wahindi, siku ya tisa mko barabarani mnarudi Moshi.

Sasa nieleze kwa nini, maana najua utasema mji wa nini siku tatu nzima.

Wengi wanauona Mji Mkongwe kwa saa tatu. Gari linawatoa hotelini shamba (Unguja nje ya mji wanaita shamba), wanafika saa nne jua linachoma, mtembeza wageni anawapitisha Darajani sokoni, kanisani kwenye soko la watumwa, nyumba ya Freddie Mercury yule mwanamuziki wa Queen picha moja, saa saba wamerudishwa. Hao ndo wanakuja kukwambia mji ni vichochoro tu na joto. Na hawajakosea, saa ile mji ndo unavyokuwa. Mji wenyewe unaanza saa kumi na moja jioni, watu wakitoka kukaa barazani, wazee na kahawa yao na bao au karata, watoto wa madrasa wanarudi, na unaanza tena alfajiri kabla mapapasi hawajaamka (mapapasi ni wale vijana wanaokuganda njiani wakikuuzia safari, ukiwaambia asante mara moja kwa heshima halafu ukaendelea kutembea wanakuacha, ukisimama kujieleza umekwisha). Anayelala nje ya mji hizo saa mbili nzuri zote zinampita. Na wewe uliyechoka ndo zinakufaa zaidi, kwa sababu mchana kutwa unaweza kulala chumbani chini ya feni, shemeji azunguke peke yake na kofia yake, jioni mnatoka wote.

Akizunguka asitake kumaliza kila kitu. Kuna yale ya kwenye orodha ambayo hayakwepeki: Ngome Kongwe waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, kanisa la Anglikana lililoanza kujengwa 1873 palepale soko la watumwa lilipofungwa mwaka huohuo, Beit el Ajaib ya Sultan Barghash ya 1883 ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020, hiyo aulize kwanza kama wanaruhusu kuingia. Kuna ile Dispensari ya Kale pale Mizingani yenye varanda za mbao zilizochongwa kama kitambaa, aliijenga Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyetokea Kutch, jiwe la msingi liliwekwa 1887. Yote hayo anaweza kuyamaliza siku moja, hizo siku nyingine azipe milango.

Nasema milango kweli. Asimame mbele ya mmoja asiharakishe. Ile ya mtindo wa zamani wa Kiarabu juu imenyooka, kwenye ubao wa juu kumechongwa aya ya Kurani na mara nyingine mwaka wa Hijria, hapo atoe simu apige hesabu ajue nyumba ina umri gani. Pembeni kwenye miimo utaona mnyororo umechongwa toka chini mpaka juu, chini kabisa samaki au mawimbi, na katikati ule mti uliosimama unaoziba mbao mbili zinapokutana, unaitwa mfaa. Ya Kihindi iko tofauti, imekatwa miraba miraba, inakunjika, mingi ilikuwa ya maduka ili yafunguke yote mbele, na misumari ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka. Ukiona mlango una upinde juu ujue ni wa baadaye, enzi za Barghash na kuendelea. Akishajua hivyo tu, anaweza kupita mtaa mzima akakwambia hapa alikaa nani kabla hajauliza mtu.

Na hao wageni sio "Waarabu na Wahindi" kama tunavyosema sisi wa bara kwa mkupuo. Kulikuwa na Waomani wenye mashamba ya karafuu, na Washihiri wa Hadhramaut ambao wengi wao walikuja maskini, wakabeba mizigo bandarini na kuuza kahawa. Kulikuwa na Wabaluchi askari wa sultani, Wangazija, Makhoja na Mabohora ambao ni Waislamu wa Kihindi, Wahindu, Waparsi kidogo (huyo Freddie Mercury, aliyezaliwa huko 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ni wa kwao), na Wagoa Wakatoliki, mafundi cherehani na wapiga picha, wakisali kanisa la Minara Miwili. Kila watu na msikiti wao, hekalu lao, kisima chao. Shemeji asikie adhana, kengele ya hekalu la Hurumzi na kengele ya Minara Miwili ndani ya jioni moja, halafu ndo aje aniambie kama alipoteza siku.

Ila mwambie ukweli huu pia asije akadhani anaangalia wajukuu wa waliojenga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 Waarabu wengi waliuawa au wakakimbia, Wahindi wakaondoka wengi, nyumba zikachukuliwa na serikali, na wakaingia watu wa Ng'ambo (upande wa pili wa mji), wa shamba na wa Pemba. Nyumba kubwa ya tajiri mmoja unakuta ina familia kadhaa, kamba za nguo ukumbini, jiko la mkaa kwenye ngazi. Ndo maana majumba mengine yanadondoka, chokaa na mawe ya matumbawe vinataka kukarabatiwa kila mara na mpangaji wa chumba kimoja hana uwezo huo. UNESCO waliuingiza mji kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 lakini chokaa haijipaki yenyewe.

Wewe dada historia yako iko kwenye bakuli. Jioni ulizeni urojo uko wapi, sio wa Forodhani ule wa watalii, wa mtaani kwenye benchi ambapo watu wa mtaa wamejaa. Ni mchuzi wa njano mzito kidogo wa unga na bizari, mchachu kwa embe mbichi au ndimu, ndani wanatumbukiza kachori, bajia, viazi, mara nyingine mshikaki, juu chatini ya nazi, pilipili, na muhogo uliokatwa nyuzi nyuzi ukakaangwa mpaka ukakauka, huo unaumwaga mwishoni ili usilowe. Kachori na bajia zimetoka India, nazi ni ya pwani, muhogo asili yake Amerika ya Kusini, Wareno ndo waliuvusha. Halafu mkate wa ajemi asubuhi, halua ya Kiomani na kahawa chungu. Mkila vizuri hapo umeshapata somo lote bila kupanda ngazi.

Kuhusu gesti: chagueni ndani ya mji, na ulizeni bei ya rezidenti kabla ya kuulizia chumba, maana bei ya mtandaoni mara nyingi ni ya mgeni wa dola. Waulizeni pia chumba kiko ghorofa ya ngapi. Ngazi za nyumba zile ni mwinuko hasa, nyembamba, na lifti hakuna, chumba cha juu ndo kina upepo lakini mtabeba begi wenyewe. Ile bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje ya nchi, nyie haiwahusu, bebeni vitambulisho tu. Na mavazi, uko mji wa Waislamu, mjini funika mabega na magoti, bikini iache mpaka ufike ufukweni kwenye hoteli, hata Jambiani ukipita kijijini jifunge kanga.

Sasa bahari. Kila mtu anasema Nungwi na sikatai, Nungwi na Kendwa maji hayaondoki sana, unaogelea karibu saa yoyote, na kwa kuwa ziko kaskazini zina kinga ya kusi inayovuma mwezi wa sita. Kama kuogelea ndo jambo la kwanza na la mwisho, nendeni huko, tena muziki hadi usiku. Ila umesema hutaki kuamshwa na mtu.

Jambiani ni mashariki, na mashariki ya Unguja bahari inakupwa mpaka unaogopa. Watu wa Moshi na Arusha hili ndo linawauma, kaona picha maji ya buluu mpaka kwenye mlango wa hoteli, kafika saa nne asubuhi anakuta mchanga, majani na matope mbali huko, anasema nimetapeliwa. Hujatapeliwa, hukuangalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa Unguja siku hizo kupwa inaangukia kama saa nne, saa tano asubuhi, yanarudi kujaa alasiri. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ni ndogo na asubuhi unakuta bahari iko karibu. Kila siku saa zinasogea kama dakika hamsini. Kwa hiyo kabla hujalipia chumba fungua kalenda uone mwezi, ukiweza siku zako tatu za Jambiani ziangukie mwezi nusu. Mi wateja wangu siwaulizi wanataka hoteli ya nyota ngapi, nawauliza tarehe, halafu naangalia mwezi.

Na hata ikiangukia bamvua usilie. Maji yakitoka wanatoka kina mama na vigingi vyao kwenda kwenye mashamba ya mwani, kilimo ambacho kimeanza huko 1989, utawaona wameinama kwenye mistari ya kamba mpaka kiunoni wakifunga vichipukizi kimoja kimoja. Unaweza kutembea nao ila vaa viatu, kuna mafuma, kile kinyama cha miiba mieusi, ukikanyaga likizo imeisha. Piga picha kwa ruhusa. Paje, jirani tu, kuna kina mama wanatengeneza sabuni za mwani, hizo ndo zawadi za kurudi nazo, zinashinda vinyago ambavyo vingine vimetoka hukuhuku Arusha (usicheke, ni kweli).

Halafu shemeji naye huko hajasahaulika. Kutoka Jambiani mpaka Kizimkazi Dimbani sio mbali, kuna msikiti kwa nje paa la mabati umekaa kawaida kabisa, ndani kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe yenye mwaka 500 wa Hijria, ndo 1107. Miaka zaidi ya mia tisa. Wanaoutumia bado wanasali humo, kwa hiyo asiende saa ya swala, avue viatu, atoe chochote kwenye sanduku. Wewe baki ufukweni siku hiyo. Makunduchi iko njiani lakini Mwaka Kogwa, ule mwaka mpya wenye asili ya Uajemi ambapo wanaume wanachapana kwa migomba, ni Julai, mtaukosa.

Juni yenyewe mmechagua vizuri. Masika imeisha, mji uko kijani, jua lipo ila sio la Februari, na msimu wa watalii wengi wa Julai na Agosti haujaanza kwa hiyo bei zinaongeleka. Kitakachowasumbua ni kusi. Mashariki kuna upepo, vijana wa kuteleza na miavuli wanaupenda, wewe utatafuta ukuta wa kujikinga ukitaka kusoma. Na boti inacheza. Zile za kasi za Dar na Unguja ni kama saa mbili, lakini upepo ukikaza utaona wahudumu wanagawa mifuko kabla hata hamjatoka vizuri bandarini, basi ujue. Kaeni chini na nyuma, sio juu mbele kwenye mandhari, kula kitu kikavu kidogo, dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kupanda maana ukianza kutapika haisaidii. Pandeni ya asubuhi, bahari huwa imetulia kidogo kuliko alasiri. Basi la usiku kutoka Moshi litawashusha stendi ya Mbezi, Dar, alfajiri, kutoka hapo mpaka bandarini msidharau foleni.

Haya, hizo nyingine.

Mauritius kwa mkopo hapana dada. Sio mahali pabaya, kwa shemeji ni peponi kabisa, Port Louis kuna Aapravasi Ghat, gati walikoshukia vibarua wa Kihindi kuanzia 1834 kwenda mashamba ya miwa, karibu nusu milioni walipita hapo, na kuna mlima wa Le Morne walikojificha watumwa waliotoroka. Lakini Juni kwao ni kipupwe, utakuta kibaridi na upepo, ulipe nauli ya ndege ya watu wawili kwa hela ya riba ukae na sweta ufukweni, sweta si unalo Moshi? Mkijaaliwa nendeni Novemba, kwa hela yenu.

Pemba aliyekwambia hakuna kitu alienda kutafuta baa. Pemba kuna karafuu zimeanikwa barabarani, msitu wa Ngezi, ufukwe wa Vumawimbi ambao unaweza kukaa peke yenu, kisiwa cha Misali. Ila usafiri wa ndani unataka muda na hoteli za kati ni chache, siku tisa na mitaa ya kale haviingiani na Pemba. Iwekeni safari ya pili, peke yake. Mafia nayo watu wanaifuata kwa ajili ya papa potwe ambao wanaonekana kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, Juni mtawakosa.

Kama hela ikipungua kabisa kabla ya safari, Tanga. Basi linatoka hapo Moshi asubuhi, mchana mko kule, Ngamiani mitaa imepigwa mistari na barabara zina namba, kisiwa cha Toten kuna magofu ya misikiti, na shemeji atakutana na wahamiaji wa aina nyingine, manamba walioletwa kutoka bara kukata mkonge, zao ambalo Mjerumani Hindorf alilileta 1893 kwa miche 62 tu iliyosalimika njiani. Fukwe za Tanga mjini sio za kadi ya posta, Pangani ni bora zaidi. Mombasa pia iko karibu na nyie kupitia Holili, Fort Jesus ya 1593 na Mji wa Kale, lakini mtahitaji hati za kusafiria na kadi ya manjano, na mtakuwa mmebadilisha hela.

Kabla hamjaondoka, Jumamosi moja mwambie shemeji atembee Moshi mjini akiangalia juu badala ya mbele. Majengo ya zamani ya maduka mengi usoni yana jina la Kihindi na mwaka. Mengi ya hayo siku hizi ni ya Nyumba za Taifa, kwa sababu ya ile sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na familia nyingi zikahamia Uingereza na Canada baada ya hapo. Akitaka zaidi aje Tengeru kwenye makaburi ya Wapolandi, walikuwa karibu elfu tano kambini hapo wakikimbia vita ya pili ya dunia. Akishaona hivyo Kisutu ataielewa haraka.

Na Kisutu nimeiweka mwisho kwa makusudi, sio mwanzo. Mkitoka Unguja na boti ya mchana mmefika Dar mmechoka, hakuna sababu ya kukimbilia Mbezi usiku huohuo. Kutoka bandarini mpaka Kisutu ni mwendo mfupi wa bajaji, mahekalu ya Kihindu yamepangana mtaa mmoja, ukigeuka kona kuna jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, maduka ya pipi na chevda, watu wazima wa Kihindi wanatembea jioni. Wakoloni waliugawa mji, Wazungu huku, Wahindi hapa katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, ukitembea kwa miguu kutoka Kisutu mpaka Kariakoo unavuka uwazi wa Mnazi Mmoja ambao uliachwa makusudi kutenganisha watu. Shemeji atembee hapo saa kumi na moja, wewe kaa ule bajia. Tiketi ya basi la asubuhi kateni kabla hamjaondoka Moshi, kwenda na kurudi, maana mwezi wa sita shule zikifungwa mabasi ya kuja huku yanajaa wanafunzi wa bweni na mkifika Mbezi bila tiketi mtauziwa siti ya nyuma kabisa kwa bei ya mbele.